Presha, siasa na marafiki wa ujanani: majibu kwa barua za wasomaji

Barua tatu za mwezi huu zimetoka pande tatu tofauti za nchi, na walioziandika hawafahamiani, lakini zinauliza mambo yanayokaribiana sana: mtu aliyefikia utu uzima afanye nini na marafiki wa ujanani, ilhali afya imeanza kupungua, mfuko umekuwa mwepesi, na siasa zimewagawa watu waliokuwa wakila sahani moja. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ina mengi ndani yake.

SWALI: Ndugu Mshauri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 71, naishi Tabora mjini. Nina shinikizo la juu la damu na ninameza vidonge kila siku, lakini kinachonisumbua kuliko vidonge ni rafiki yangu. Tulikutana Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kambi ya Makutupora, mwaka 1975 tukiwa kuruta wa kombania moja, na hadi leo hakuna mtu nje ya familia anayenijua kuliko yeye. Baada ya jeshi mimi nilikwenda chuo cha ualimu, yeye akaingia katika biashara ndogo ndogo. Mwaka 1983, katika ule msako wa wahujumu uchumi, alikamatwa kwa ajili ya katoni za sabuni na doti za kanga zilizokutwa nyumbani kwake, akakaa mahabusu hadi alipoachiwa bila kushtakiwa. Vyama vingi viliporudi, yeye alikwenda upinzani na mimi nikabaki chama tawala. Kwa miaka mingi tulibishana huku tukicheka, lakini siku hizi kila tukikutana kijiweni kwenye kahawa tunaishia kugombana. Mara ya mwisho alisema mbele ya watu kwamba sisi watumishi ndio tuliokula nchi hii, na wenye jasho lao tukawaita wezi. Niliondoka bila kuaga, moyo unanienda mbio. Nilipofika nyumbani mke wangu alinipima kwa kipimo tulicholetewa na mwanetu, ikasoma 178 kwa 104. Watoto wanataka niache siasa na niache kijiwe. Kuna jambo moja zaidi ambalo sijawaambia: nilipokuwa nikisubiri mafao yangu, rafiki huyu huyu alinikopesha fedha, na mpaka leo sijamaliza kumlipa. Je, nimwache ili ninusuru afya yangu?
Mstaafu, Tabora

JIBU: Kaka yangu, nimepokea salamu zako. Nianze na zile namba, kwa sababu nilifanya kazi ya uuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu na siwezi kuzipita hivi hivi. Kipimo ulichopimwa mara tu baada ya kutembea na hasira kutoka kijiweni kinaonyesha presha ya dakika ile, na hakitoshi kumwambia daktari jinsi unavyoishi siku zote. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano bila kuzungumza, miguu yote miwili ikanyage chini, mkono ulale juu ya meza usawa wa moyo, kisha upimwe mara mbili kwa kuachanisha dakika moja. Fanya hivyo asubuhi kabla ya kumeza dawa na jioni kabla ya kula, kwa wiki nzima, ukiandika katika daftari, halafu umpelekee daktari. Presha ya kupimwa nyumbani huhesabiwa kuwa ya juu wastani wake unapofika 135 kwa 85, kwa hiyo daftari hilo ndilo litakaloonyesha kama dawa zako zinatosha au zinahitaji kubadilishwa. Lakini ukipata namba kubwa kama zile pamoja na maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande, mkono kukosa nguvu, ulimi kuwa mzito au macho kufifia ghafla, usikae kupima tena; nenda hospitali saa ile ile.

Hukuniambia kama magoti au mgongo unakusumbua, ila kwa umri wako nitauliza hata hivyo. Wazee wengi wanaomeza dawa za presha kwa uaminifu huenda pia duka la dawa kununua diclofenac au ibuprofen kwa ajili ya maumivu, wakazitumia kwa miezi bila kumweleza daktari. Dawa za jamii hiyo hupandisha presha, hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa unazomeza kuishusha, na huzielemea figo. Nimewaona wagonjwa walioongezewa dawa moja baada ya nyingine kumbe adui alikuwa ndani ya mfuko wa shati. Chumvi nayo: Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mapishi yote ya siku nzima, na mtu anayependa dagaa waliotiwa chumvi au samaki wa ng'onda huupita mpaka huo kabla ya jua kuzama. Vikombe vyako viwili vya kahawa ya kijiweni havinitishi hata kidogo.

Sasa nije kwenye ugomvi wenyewe. Nimeisoma barua yako kwa makini, na naona kwamba mnabishana kuhusu nchi moja ambayo kila mmoja wenu aliiishi kwa upande wake. Wewe uliingia kazini katika miaka ambayo serikali ilikuwa imefuta ada za shule za msingi, na ambayo Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani. Ulifundisha watoto ambao baba zao hawakuwahi kushika kalamu, na kama ulikuwa kama walimu wengine wa wakati wako, jioni uliwafundisha baba zao pia katika madarasa ya elimu ya watu wazima, hata katikati ya miaka ya 1980 takwimu za serikali zikaonyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika wamebaki takribani asilimia 10. Mtu aliyeshika chaki katika kazi hiyo ana haki ya kuitetea hadi anaingia kaburini, na sitakuomba uache.

Rafiki yako naye ana yake. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973 na ikapanda tena mwaka 1979. Ukame wa 1973 na 1974 ulitumalizia chakula. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977. Na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaivamia Kagera, tukapigana, tukashinda, kisha tukaambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18, miezi ambayo kwa wengi wetu haikuisha. Viwanda vilikosa vipuri na malighafi kwa kuwa fedha za kigeni hazikuwapo. Serikali iliendelea kupanga bei ndogo kwa bidhaa ambazo rafu za maduka hazikuwa nazo, na penye bei ndogo na rafu tupu, ulanguzi huzaliwa wenyewe. Msako wa mwaka 1983, uliosimamiwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, ulilenga walanguzi wakubwa na ulipokewa kwa furaha na wananchi waliochoshwa na foleni, lakini uliwakumba pia wachuuzi ambao mali yao yote leo isingetosha kujaza genge la mtaani. Wapo waliotupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu ya kupekuliwa. Rafiki yako hakutupa, akalala mahabusu.

Mimi nilikuwa muuguzi kijana katika wodi ya wazazi miaka hiyo. Nilisomeshwa uuguzi bila kulipa hata senti moja, na nalisema hilo kwa shukrani kamili. Katika wodi hiyo hiyo tulilazimika kumwambia mama anayekuja kujifungua aje na sabuni yake, shuka lake, na mara nyingine mafuta ya taa ya kuchemshia vyombo. Mumewe hakuipata sabuni hiyo kwenye duka la ushirika, kwa sababu foleni iliisha sabuni haijamfikia. Aliinunua usiku, kwa mlango wa nyuma, kwa mtu kama rafiki yako, na kwa bei iliyomwumiza, ndipo mimi nikanawa mikono na mtoto akazaliwa salama. Karatasi ya kliniki mama yule aliweza kujisomea mwenyewe kwa sababu alifundishwa na mtu kama wewe. Sijui ningempa nani kati yenu ushindi kijiweni, na sitaki kujua.

Baadaye meza iligeuka. Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani Novemba 1985, mwaka uliofuata serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na dola moja iliyokuwa ikibadilishwa kwa takribani shilingi 17 ikafika takribani shilingi 40. Maduka yalijaa. Aliyeitwa mhujumu akawa mfanyabiashara anayechangia harusi na ujenzi wa msikiti, na mwalimu aliyekuwa akipewa kiti cha mbele katika kila mkutano akaanza kuuza maandazi na barafu ili watoto wake wale hadi mwisho wa mwezi. Mwaka 1993 tukaanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za umma, jambo ambalo kwa kizazi chetu lilikuwa kama kuambiwa ulipe ukiingia nyumbani kwa baba yako. Kwa hiyo, kaka yangu, miaka yako mizuri ndiyo iliyokuwa mibaya kwake, na alipoanza yeye kupumua ndipo pumzi yako ilipokata. Ninyi wawili mnapogombania utawala upi ulikuwa bora, kila mmoja anatetea miaka ambayo nchi ilimheshimu, na anamdai mwenzake akiri kuhusu miaka ambayo ilimdhalilisha. Umewahi kumwuliza, mkiwa wawili tu, nini kilimpata mahabusu? Barua yako inanifanya nidhani kwamba katika miaka hii yote hujawahi.

Kuhusu vyama nina neno moja. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliona kwamba takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa na chama kile kile kilichokuwa na wengi nyuma yake. Chama chako kilikubali kwamba asilimia 20 nao wana haki ya kusemea jambo lao hadharani. Nawe unaweza kumpa mtu mmoja wa kijiweni nafasi hiyo bila kupungukiwa kitu.

Sasa deni. Naamini ndilo lililokupandisha presha siku ile kuliko siasa zote. Neno lake kwamba watumishi mlikula nchi lingekupita kama yaliyotangulia, lakini lilikukuta ukiwa na fedha yake mkononi na siri hiyo kifuani, mbele ya watu, nawe huwezi kumjibu sawasawa mtu unayemwogopa kwa sababu nyingine. Mweleze mkeo usiku wa leo. Kisha nenda nyumbani kwa rafiki yako, usiende kijiweni, umpelekee kiasi chochote ulicho nacho, hata kama ni kidogo, na mkubaliane kiasi cha kila mwezi kinacholingana na pensheni yako. Akisema amesamehe, mshukuru na uendelee kulipa. Mazungumzo ya 1983 yafuate siku nyingine, mkiwa wenyewe, kwa kuwa penye wasikilizaji hata mtu mpole husema kwa ajili ya makofi.

Kwa watoto wako naomba wasikukataze siasa. Kama mnataka siasa ya kufanya pamoja, ipo mlangoni kwenu: Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, wazee wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo, na vituo vingi vimeandika dirisha la wazee, lakini mara nyingi mzee huonwa na daktari kisha akaambiwa dawa zimekwisha, akanunue nje. Mwanachama wa chama tawala na mwanachama wa upinzani wakienda pamoja kwa diwani kuulizia dawa za presha katika kituo cha kata, itakuwa vigumu kuwaambia kwamba wametumwa.

SWALI: Dada, shikamoo. Mimi ni afisa kilimo mkoani Mbeya, nitastaafu mwakani. Wenzangu tuliosoma nao sekondari wana kikundi cha simu, na wanataka kila anayestaafu atoe shilingi milioni 15 kutoka kwenye kiinua mgongo ili tununue mchele Mbarali na kuuhifadhi hadi bei ipande. Ni watu ninaowapenda, na wengine wamenizikia wazazi. Nina kisukari kwa miaka kadhaa sasa. Nikikataa nitaonekana nimejitenga.
Mtumishi, Mbeya

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Fahamu kwanza ni fedha gani unayoizungumzia. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kikokotoo, yaani kanuni ya kupiga hesabu ya mafao, cha asilimia 25 kwa mkupuo kikaleta kilio hadi Rais John Magufuli akakisimamisha Desemba mwaka huo huo. Mwaka 2022 kikaja cha asilimia 33, na mwaka 2024 serikali ikapandisha hadi asilimia 40 kwa wale waliokuwa katika utaratibu wa kulipwa nusu kwa mkupuo. Kinachobaki utakipokea kidogo kidogo kila mwezi. Maana yake ni kwamba mkupuo wako utakuwa mdogo kuliko ule walioupata waliokutangulia, na wenzako wanaokupigia hesabu za milioni 15 huenda wanakumbuka mafao ya kaka zao.

Usitoe kiasi hicho. Nasema hivi nikijua kwamba mchele wa Mbarali ni biashara ya kweli na kwamba wewe, kwa taaluma yako, unaijua kuliko mimi. Mchele uliohifadhiwa unaweza kushuka bei pia, na mtu wa miaka 60 mwenye kisukari hana miaka mingine 20 ya mshahara ya kufidia hasara. Kuna matumizi ambayo hayataahirishwa: kupimwa macho na figo kila mwaka, dawa ambazo mara nyingine utazinunua mwenyewe, na viatu vya kulinda miguu. Kabla hujarudisha kitambulisho cha kazi, hakikisha taarifa zako na za mwenzi wako katika bima ya afya ziko sahihi, kwa sababu kurekebisha jina lililokosewa ukiwa tayari nje ya ofisi ni usumbufu mkubwa.

Kwa marafiki, sema wazi na mapema: kiasi unachoweza kukipoteza bila kumlaumu mtu ni hiki, na utakitoa baada ya kikundi kusajiliwa, kuwa na katiba iliyoandikwa, na akaunti ya benki inayotaka saini za watu watatu. Anayekukasirikia kwa masharti hayo angekukasirikia zaidi siku ya kugawana hasara. Waliokuzikia wazazi uwalipe kwa namna ile ile, kwa kufika misibani kwao na kuwatazama wakiugua.

SWALI: Assalamu alaykum Bi Mshauri. Mimi ni mtu mzima wa miaka 74, nipo Unguja. Nina shoga yangu tuliyecheza naye tangu utoto. Uchaguzi wa mwaka 2015 ulipofutwa yeye alifurahi, mimi nikalia, na tangu hapo hatusemezani. Kila mwezi tunakutana kwenye foleni ya pensheni jamii, kila mtu anatazama kwake. Miezi mitatu sasa simwoni. Nimeambiwa amekatwa mguu kwa sukari. Jee, niende, au nitaonekana nimekwenda kumcheka?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yangu. Nenda wiki hii.

Zanzibar imewahi kuumia kwa jambo hili kuliko Bara: baada ya uchaguzi wa 1995 kulikuwa na watu wa shehia moja waliosusiana maduka, vyombo vya usafiri na hata mazishi. Julai 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, na takribani theluthi mbili wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Kisha likaja la 2015, matokeo yakafutwa, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, na majeraha yakafunguka upya. Uchungu wako una sababu na sikuombi uukane. Lakini pensheni ile, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa kila aliyefikisha miaka 70, hupewa nyote wawili bila kuulizwa mlipigia nani kura, na katika foleni hiyo hiyo umeona kuwa nafasi yake iko wazi. Hukumtazama usoni kwa miaka mingi, na bado uliihesabu miezi ambayo hayupo.

Atakuwa anawaogopa wanaomhurumia zaidi ya anaowadhani wanamcheka, kwa hiyo usimlilie. Usifungue habari ya uchaguzi siku ya kwanza. Akiifungua yeye, msikilize mpaka amalize. Ukimpelekea zawadi acha halua na tende, mpelekee samaki fresh na mboga za majani. Kubwa kuliko zote ni mguu uliobaki, kwa sababu aliyekatwa mmoja kwa sukari yuko katika hatari kubwa ya kuupoteza wa pili. Kila siku utazamwe unyayo, kisigino na katikati ya vidole, uoshwe kwa maji ya vuguvugu ambayo mtu mwenye hisia nzuri ameyajaribu kwanza kwa kiwiko, na ukaushwe vizuri. Asitembee peku hata chumbani. Malengelenge, mkwaruzo au weusi wowote upelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kabla ya dawa ya miti na kabla ya kusubiri Ijumaa ipite. Mwenyewe hawezi kuinama akauona unyayo wake, na kama wanawe wanakwenda kazini asubuhi, mwulize kama atapenda wewe uwe unapita kumwangalizia.